Gobore au rivolva ya kizamani inasumbua? Dalili, chanzo, na kwanini baruti nyeusi tu

Maswali ninayoletewa huku kusini mwa Tanzania kuhusu silaha za baruti nyeusi yanajirudia mno, yani wa Liwale anauliza kitu kilekile alichouliza wa Tandahimba, na mengi yanaanza masika yakishakolea, nguruwe wameanza kuingia kwenye mihogo, mtu anashusha gobore anakuta halitaki kulia. Sasa nimeyapanga hapa kwa dalili, uanze na unachokiona halafu ushuke kwenye chanzo. Wapo pia wachache wenye rivolva za mtindo wa zamani zinazotumia risasi za ganda, iwe ya kurithi toka enzi za mkoloni au kopi mpya za Kiitaliano kama Uberti, nao nimewaweka humuhumu kwasababu adui yao ni mmoja, ukoko wa baruti na unyevu wa pwani yetu.

Haya yote ni kwa silaha yenye leseni. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 haitofautishi gobore la babu na bastola mpya ya dukani, zote ni silaha. Na baruti yenyewe ina sheria yake, huwezi kuisaga nyumbani wala kujijazia risasi bila kibali, na huku kwetu ambako watu wameteseka miaka na uvuvi wa milipuko, ukikutwa Mikindani na kopo la baruti usiloweza kulieleza jiandae kulala ndani. Sitaeleza popote namna ya kutengeneza baruti wala risasi, usiniulize.

KWANZA JUA UNA BARUTI GANI

Hii ndo mama wa yote. Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa makaa, kiberiti na shura, na ndiyo dunia nzima iliyokuwa nayo mpaka mwaka 1884, Mfaransa Paul Vieille alipotengeneza ile isiyo na moshi, na miaka miwili baadae jeshi la Ufaransa likawa na bunduki ya Lebel inayoitumia. Silaha yoyote iliyochorwa kabla ya hapo, na gobore lolote hata la juzi, imepigiwa hesabu za baruti nyeusi.

Tofauti sio moshi tu. Baruti nyeusi ukiiwasha inaungua kwa mwendo ambao haubadiliki sana, hata ikibanwa. Hii ya kisasa, ndo hiyo isiyo na moshi, kadri inavyobanwa ndivyo inavyozidi kuwaka haraka, na ikiwaka haraka presha inapanda, presha ikipanda inawaka haraka zaidi, kwahiyo ukikosea kidogo tu kwenye kipimo haikusamehi. Alafu kwa uzito uleule ina nguvu mara kadhaa, na inachukua nafasi ndogo. Risasi ya .45 Colt ya mwaka 1873 ilijazwa baruti nyeusi kama gramu 2.6 na ganda likajaa pomoni, hakuna nafasi ya kukosea mara mbili. Ya kisasa inakaa chini kabisa ya ganda lilelile, fundi mzembe anaweza kumimina mara mbili na jicho lisione.

Usitambue kwa rangi! Baruti nyingi za kisasa zimepakwa grafaiti na zinaonekana nyeusi tii. Angalia umbo: nyeusi ya kweli ni chenga za makaa zisizolingana, za kisasa ni vibapa, vimbegu vya duara au vijiti vilivyokatwa sawasawa kama vimetoka kiwandani, maana ndiko vilikotoka. Baruti usiyoijua ilikotoka, hata kama muuzaji ni shemeji yako, haiingii kwenye mtutu. Wala usiijaribu kwa kuiwasha.

MTUTU UMEVIMBA, UMEPASUKA, AU KITAKO KIMECHANIKA

Naianza hii japo sio inayoletwa sana, kwasababu ndiyo inayoondoka na vidole.

Chanzo cha kwanza, na nasema cha kwanza kwa mbali: mtu amepasua risasi za shotgani, akachukua baruti ya ndani, akaipima kwa kile kipimo chake cha kawaida cha gobore na kushindilia. Anaona kama amebana matumizi. Kumbe ndani ya ganda ile baruti ilikuwa imepimwa kwa mizani pamoja na gololi zake na nafasi yake, ukishaitoa hapo hesabu zote zimekufa. Mara ya kwanza pengine inapiga vizuri tu, hata inasifiwa kwamba inafika mbali, na huo ndo mtego wenyewe, maana chuma cha zamani kinachoka kimyakimya.

Cha pili: gololi haikufika chini. Imekaa katikati ya mtutu, kuna hewa kati yake na baruti, ukipiga mtutu unavimba kama pete pale ilipokuwa gololi. Ukaguzi wake ni rahisi, weka alama kwenye mdeki wako (ule ufito wa kushindilia), moja ya mtutu mtupu na nyingine ya mtutu ulioshindiliwa sawasawa, kila ukishindilia angalia alama. Isipofika usipige.

Cha tatu ni uchafu mdomoni, udongo, nyigu aliyejenga, kitambaa kilichosahaulika. Cha nne ni mtutu wenyewe haukuwa mtutu, ni bomba la maji au la usukani wa gari, na hilo kwanza halina leseni, pili hakuna baruti salama kwa ajili yake.

Kwenye rivolva hadithi ni hiyohiyo. .45 Colt hata kwa viwango vya leo kikomo chake ni pauni 14,000 kwa inchi ya mraba, wakati risasi ya 9mm ya bastola za kisasa inaruhusiwa 35,000. Kampuni ya Colt yenyewe ilianza kutoa dhamana ya baruti isiyo na moshi kwa bastola zile za 1873 karibu na mwaka 1900, baada ya kubadili chuma. Webley za Waingereza hivyohivyo, Mark I ni ya 1887, zama za baruti nyeusi, na Mark VI ya 1915 ilishajengwa kwa ajili ya kordaiti, yani baruti isiyo na moshi ya Waingereza, ukiziweka mezani zinafanana kwa mtu asiyejua lakini ndani ni watu wawili tofauti. Kwahiyo soma tarehe, soma mhuri. Ukikuta imechorwa BLACK POWDER ONLY (baruti nyeusi tu) hapo hapajadiliwi. Kopi nyingi mpya za risasi za ganda zimepimwa kiwandani kwa baruti ya kisasa pia, ila ya asili ya karne ya 19 mpe nyeusi, ama iache ukutani.

SIMAMA HAPA: ukiona uvimbe, ufa hata mwembamba kama unywele, au kitako kimeanza kuachana na mtutu, hakuna matengenezo ya nyumbani. Usiunge kwa welding. Silaha inakwenda kwa fundi mwenye kibali kupitia polisi, na mara nyingi jibu ni kwamba imeisha.

FATAKI INALIA "TAA" ILA BUNDUKI HAILII

Hii ndo inaongoza. Mtu ametegea nguruwe usiku kucha, fataki (kile kikofia kidogo kinachopigwa na nyundo kuwasha baruti) inalia, nguruwe huyooo.

Kabla ya kutafuta chanzo: usishushe, usigeuze mdomo kuangalia. Mdomo uendelee kuelekea kule ulikolenga, hesabu dakika mbili nzima kwa gobore, nusu dakika sio chini kwa rivolva. Moto unaweza kuwa unatambaa ndani.

Chanzo kikubwa ni mafuta. Mtu alilipaka gobore mafuta mengi kabla ya kulitundika, likakaa mdomo juu, mafuta yakateremka yote mpaka kwenye tundu la moto na kujaa pale. Ukija kumimina baruti unaimimina kwenye supu. Kinga yake ni kwamba kabla ya kushindilia unapitisha kitambaa kikavu, halafu unapiga fataki moja tupu mdomo ukielekea kwenye jani chini. Jani likiruka njia ipo wazi, lisiporuka imeziba. Hiyo ya jani wazee wa Nachingwea wanaijua vizuri na ni ukaguzi wa bure.

Kinachofuata ni ukoko kwenye tundu. Chuchu inayokaa fataki ina kitundu chembamba, ukoko ukilala humo siku mbili tatu unavuta unyevu unakuwa kama lami. Zibua kwa waya mwembamba, sio kwa msumari maana utakitanua, na kitundu kikitanuka utaanza kuona moto unarudi nyuma kwenye nyundo.

Halafu unyevu. Baruti nyeusi shura yake inaharibiwa na maji, ikishalowa na kukauka haiwi ileile tena, usiianike juani ukadhani umeiokoa. Gobore lililoshindiliwa jioni likalala kwenye umande wa bonde la Lukuledi asubuhi sio la kuaminika. Na wanaopaka kitambaa cha gololi mafuta mengi wajue mafuta hayo kwa joto letu yanatembea mpaka kwenye baruti ndani ya masaa.

Cha mwisho ambacho hakuna anayetaka kukikubali: umesahau baruti. Umeshindilia gololi tupu. Alama ya mdeki itakuumbua hapohapo.

Ukibadilisha fataki mara mbili na kusubiri kila mara na bado kimya, toa fataki, mdomo juu kuelekea pasipo na mtu, usijaribu kuchokonoa gololi kwa chuma wala kupuliza kwa mdomo (ndio, wapo wanaopuliza). Fundi aje lilipo gobore, kuliko wewe kupanda nalo bodaboda likiwa limeshindiliwa.

FATAKI YENYEWE HAILII

Haraka tu hapa. Kwanza fataki haijakaa mpaka chini, pigo la kwanza linaisukuma tu, la pili inalia, ukiona inalia mara ya pili kila siku basi ni hiyo. Pili fataki imelowa. Tatu kichwa cha chuchu kimechanua kwa kupigwa pigwa bila kitu, kinabadilishwa. Nne springi ya nyundo imelegea, na hapo ni kazi ya fundi, usiikunje mwenyewe wala usiipashe moto, springi iliyopashwa moto jikoni haina kazi tena.

Kwa rivolva angalia pia kama fataki ya kwenye ganda imewekwa grisi kwa bahati mbaya, na kama ni risasi za zamani zenye ukungu wa kijani basi usihangaike nazo hata moja. Fataki za enzi hizo zilikuwa na zebaki inayolegeza shaba ya ganda, likipasuka ndani ya silinda gesi inakuja usoni.

BARUTI IMEWAKA WAKATI UNAMIMINA

Chanzo karibu kila mara ni kaa dogo lililobaki ndani toka pigo lililopita. Ndo maana baina ya pigo na pigo unapitisha kitambaa chenye unyevu kisha kikavu, na ndo maana haumimini kutoka kwenye pembe au kopo moja kwa moja. Unapima pembeni kwenye kipimo kidogo, unafunga kopo, unaliweka mbali, ndo unamimina. Ikishika moto iwake ile ya kipimo tu na sio nusu kilo mkononi. Sigara, kibatari, jiko la mkaa, vyote viwe mbali, baruti nyeusi inahitaji cheche ndogo sana, kuliko hata ile ya kisasa.

SILINDA INAKAZA BAADA YA RISASI CHACHE

Hapa ni wenye rivolva. Unapiga silinda ya kwanza raha mustarehe, ya pili unaanza kusikia uzito kwenye kidole gumba, ya tatu nyundo haivutiki. Wengi wanahitimisha kwamba baruti nyeusi haifai, warudi kwenye ya kisasa. Subiri kwanza.

Zaidi ya nusu ya uzito wa baruti nyeusi haigeuki gesi, inabaki kama moshi mzito na chumvichumvi ngumu. Chumvi hiyo inatapikwa kwenye upenyo baina ya silinda na mtutu, inakaa usoni pa silinda na kuingia kwenye ule mhimili wa katikati. Fungua, chomoa mhimili, utakuta umevaa koti jeusi. Futa kwa kitambaa chenye maji au hata mate, kausha, paka mafuta laini, rudisha. Mara nyingi matatizo yote yanaisha hapo na unaendelea kupiga.

Kama inarudi kila baada ya silinda moja, chunguza mafuta unayotumia. Mafuta ya jamii ya petroli, iwe grisi ya gari au oili ya cherehani, yakikutana na moto wa baruti nyeusi yanakuwa lami inayoganda. Baruti nyeusi inataka mafuta ya asili. Sisi tuna bahati, nta ya nyuki ya Liwale ipo, nazi zipo. Ila mafuta ya nazi peke yake kwa joto la Mtwara ni maji matupu, lazima nta iwe nyingi ili yashike, au tumia mafuta ya kondoo yaliyoyeyushwa bila chumvi. Bila chumvi jamani, samli ya chumvi ndani ya mtutu ni kuomba kutu kwa mkono wako. Na mafuta yawe mengi ya kutosha kufika mwisho wa mtutu, utajua yanatosha ukiona pete ya unyevu mdomoni baada ya kupiga, mdomo ukiwa mkavu na wa kijivu ukoko unaanza kuwa mgumu kuanzia hapo kurudi nyuma.

Sababu nyingine ni ganda. .45 Colt ina ukuta mnene kiasi, kwa presha ndogo ya baruti nyeusi hautanuki vizuri kuziba chemba kwahiyo moshi unarudi nyuma pembeni ya ganda na kuchafua kila mahali. .44-40 mdomo wake ni mwembamba, unaziba fasta, na ndo maana waliopiga zote mbili watakwambia ile ya pili inakaa safi kwa muda mrefu. Risasi iliyojazwa kidogo kidogo kwa kuogopa mshindo inazidisha tatizo, presha inashuka, kuziba kunakuwa hafifu zaidi, ukitaka upole umenunua uchafu.

Na kuna silaha zilizochorwa vibaya tu kwa kazi hii. Colt ya 1873 ina bushi mbele ya silinda inayofukuza moshi usiingie kwenye mhimili. Kopi nyingine zimeondoa au kufupisha bushi hiyo maana watengenezaji walijua wateja watatumia baruti ya kisasa. Hapo hata ufanye nini itakaza, utaishi na kitambaa mfukoni.

Ukisikia inakaza kwenye chemba moja tu, zikiwa nyingine zinazunguka freshi, sio ukoko. Angalia nyuma ya silinda, fataki moja imechomoza inasugua bati la nyuma. Toa risasi ile taratibu. USILAZIMISHE kwa kuvuta nyundo kwa nguvu, fataki inayosuguliwa inaweza kulia silinda ikiwa haijakaa sawa na mtutu.

Simama na umtafute fundi kama silinda haikai sawa na mtutu hata ikiwa safi, kama unaona risasi inachongeka na vipande vya risasi vinaruka pembeni, au kama nyundo inashuka bila wewe kugusa. Na kwasababu tumefika hapo: rivolva za mtindo wa 1873 zinajazwa tano, nyundo inalala kwenye chemba tupu. Ikianguka na sita ndani inaweza kujipiga.

KUTU

Ukipiga asubuhi Mtwara mjini na kusema utasafisha kesho, kesho utakuta rangi ya machungwa. Hewa yetu ya bahari peke yake inatosha, sasa ongeza na ukoko ambao chumvi zake zinavuta maji kutoka hewani saa zote. Ukiupaka mafuta juu yake bila kuosha umeufungia ndani ule unyevu, na kutu inaendelea chini kwa chini huku nje kunang'aa. Hilo kosa ndo naliona kuliko yote kwenye hii dalili.

Dawa ni maji. Watu wanashtuka, chuma na maji tena? Ndio. Chumvi haiondoki kwa mafuta wala kwa dawa za dukani za baruti ya kisasa, inaondoka kwa maji, na yakiwa ya moto sana na sabuni kidogo ni bora. Gobore linalofunguka unatoa mtutu kwenye kitako, unasimamisha kwenye ndoo, chuchu imetolewa, unapitisha mdeki wenye kitambaa juu chini na maji yanavutwa kupitia tundu la moto. Maji ya kwanza yanatoka meusi kama wino na harufu ya yai viza, usijali, ni kiberiti hicho. Badilisha maji. Endelea mpaka yatoke kama yalivyoingia na kitambaa kitoke cheupe. Mimina ya mwisho ya moto kabisa, chuma kikishapata joto kinajikausha chenyewe, kisha kitambaa kikavu, na hapo ndo mafuta. Siku ya pili pitisha kitambaa tena, kikitoka na wekundu rudia.

Rivolva vilevile, toa mbao za mshikio kwanza. Na maganda ya shaba kama utayahifadhi yaoshwe siku hiyohiyo, vinginevyo yanakuwa ya kijani na yanaliwa.

Kutu ya juujuu inatoka kwa mafuta na kitambaa kigumu. Ukiingiza taa ndani ya mtutu ukaona vishimo, hasa kule chini baruti inakokaa, usisugue ukajifariji, ukuta umeshapungua. Fundi apime kabla haujapiga tena.

IMELIA "PUF" DHAIFU

Usipige tena. Basi. Kwenye rivolva risasi inawezekana imekwama ndani ya mtutu na ya pili ikiifuata mtutu unapasuka. Toa risasi zote, pima kwa mdeki na sio kwa jicho likiwa mdomoni. Ikiwa imekwama mpelekee fundi. Kwa gobore sababu huwa ni baruti yenye unyevu au kipimo kilichopungua, pima na mdeki kabla ya kushindilia tena, maana gololi inaweza kuwa bado imo njiani.

RISASI HAZIENDI UNAKOLENGA

Piga tatu ukiwa safi, piga tatu ukiwa na ukoko, linganisha. Zikitawanyika ukiwa na ukoko tu basi ni mafuta machache au haufuti katikati. Zikitawanyika hata ukiwa safi angalia mdomo wa mtutu kama umebonyea. Gobore lenye mtutu laini usilidai kama raifo, mita arobaini na zaidi ni bahati nasibu, na mnyama aliyejeruhiwa porini ni hatari kwako na kwa jirani yako. Tembo ndo kabisa, hao wanaotoka upande wa hifadhi ya Nyerere na Selous unawapigia askari wa wanyamapori, sio unawapigia gobore.

MOSHI MWINGI SANA

Sio ubovu, ni tabia. Vita ya kwanza ya dunia ilipoanza 1914 kombania nyingi za askari wa Mjerumani hapa zilikuwa bado na Mauser za 1871 zinazotumia baruti nyeusi, na kila wakipiga wingu jeupe lilikuwa linaonyesha walipo. Baadhi ya silaha za kisasa walizokuja kuzipata ziliingia kwetu hukuhuku, meli ya Marie ilishusha mzigo Sudi mwezi Machi 1916. Wewe hauna vita, subiri upepo upeleke. Ila moshi ukitoka pembeni ya chuchu kwa nguvu na kukuchoma mkono au shavu, huo sio moshi wa kawaida, tundu limetanuka au nyuzi za chuchu zimekwisha. Acha kulitumia mpaka libadilishwe.

UMEKUTA GOBORE LA MAREHEMU DARINI

Chukulia limeshindiliwa. Baruti nyeusi ikikaa pakavu haizeeki kwa miaka wala kwa miongo, na wazee wengi walikuwa wanalitundika likiwa tayari kwa chui. Usivute nyundo uone kama inafanya kazi, usilipe mtoto, usilipeleke kwa fundi welding akate mtutu, moto wa welding kwenye mtutu ulioshindiliwa ni kupiga risasi kwa njia nyingine. Angalia tu kwa macho kama kuna fataki kwenye chuchu. Ikiwepo au isiwepo, gobore liache hapohapo, funga mlango, mwite mtendaji wa kijiji au piga simu kituo cha polisi waje walichukue wao, ueleze lilikotoka. Kila inapotangazwa kipindi cha kusalimisha silaha kwa hiari watu huwa wanaogopa bure, kumbe anayeletewa kesi ni yule aliyelificha miaka halafu likakutwa. Ndugu wakitaka kulirithi kihalali taratibu za leseni zinaanzia palepale polisi, na kabla halijapigwa hata mara moja lipite kwa fundi mwenye kibali akatoe kilichomo, apime mtutu, aseme kama ni la kutumia au la kutundika.